Kigari cha Mwezini cha Rangi ya Waridi

"Usikifute!"

Salha alitua sinia la chai kwa kishindo, akaudaka mkono wa mgeni. Pamba iliyoloa spiriti ikabaki ikichuruzika juu ya kigari cha kuchezea.

"Shemeji, vipi tena?" alishangaa mgeni, Zaidi, mkusanyaji wa midoli. Alikuwa ametoka Kondoa kwa ajili ya kigari hicho tu. "Rangi ya kiwandani haitoki kwa spiriti. Nikipangusa, tutajua."

"Mwache apanguse," alisema Hanifu, mume wa Salha, kwa majivuno. "Vigari vya mwezini vya aina hii vyote ni vya kijani. Changu tu ndicho cha waridi. Wazungu walikosea kiwandani!"

Tangu biashara huria iruhusiwe na mitumba kumiminika Dodoma, Hanifu alichambua midoli kuliko nguo. Roketi za bati, vigari vya matairi sita, vyote alivipanga chumbani. Hiki alikiokota kwenye belo la mitumba enzi za uhai wa mkewe mkubwa, Shamimu. Na tangu azikwe, kila magharibi Hanifu hujifungia nacho. Salha humsikia nyuma ya mlango akiuliza, "Umekula?" Kisha hunyamaza, kama anayejibiwa. Nyumba ilikuwa na wake wawili, na bi mkubwa ndiye aliyekufa.

Pamba ingepita mara moja tu, mke mwenzake angeondoka humo kigarini. Salha alikuwa ameliombea jambo hilo usiku na mchana. Lakini mkono ulimtangulia.

"Salha, mwachie mgeni!"

"Hiyo ni rangi ya kucha, Hanifu. Ya Shamimu."

"Unasemaje?"

"Tuliinunua pamoja sokoni. Ulivyokuwa ukiimba kila siku kwamba unatamani gari la waridi, akakipaka cha kijani, akakificha kwenye belo ukiokote mwenyewe. Akaniapisha nisiseme."

Hanifu alikigeuza kigari. Tairi moja la nyuma lilikuwa la kijani.

"Na hili?"

"Ulibisha hodi hajalimaliza. Alipougua akaniachia chupa. Akasema, 'Mmalizie.'"

"Mbona hukumaliza?"

"Ningepitia wapi? Mlango unaufunga, ufunguo unatembea nao."

Zaidi aliaga bila kugusa chai, hata spiriti yake akaisahau. Hanifu akalia waziwazi.

"Miaka yote nawasifu Wazungu, kumbe ni mke wangu!"

Baada ya swala ya magharibi Salha alikaa jikoni akingoja kusikia komeo. Halikulia.

"Salha! Njoo na hiyo chupa."

Aliitoa sandukuni, akachukua na spiriti ya Zaidi ya kulainishia rangi iliyoganda. Mlangoni akasita. Hanifu alikuwa amekipakata kigari.

"Shamimu," alikiambia taratibu, "mwenzio amekuja."

"Hodi, dada," Salha alisema.

Kizibo cha chupa iliyokuwa mkononi mwake kilikuwa bado kimekaza. Lakini chumba kizima kilinukia rangi ya kucha, mbichi, kana kwamba kuna mtu ameshaanza kupaka.