Namba ya Goti la Bibi Sikudhani

Kila asubuhi kabla ya kengele ya shule, Anyesi alipita nyumba sita za kijiji chao karibu na Kongwa, futi ya fundi cherehani ikiwa shingoni. Vumbi jembamba lilielea kwenye mwanga, na vilima vya mbali vilionekana kama vimelala. Alikuwa akipima magoti ya wazee yaliyovimba.

Ilikuwa kazi ya maonyesho ya sayansi ya shule huko Dodoma: kuchunguza dawa moja ya asili. Anyesi alichagua mshubiri, ambao bibi yake, Hilda, huwapaka watu wenye uvimbe. Wazee watatu walipakwa utomvu wake, watatu mafuta ya alizeti tu.

Wiki mbili zikapita. Magoti yote, ya mshubiri na ya mafuta, yalinywea kidogo, sawasawa. Anyesi akamwona akilini bibi yake akitabasamu mbele ya umati Dodoma, ndoto tamu kama zabibu. Penseli ikateleza yenyewe: goti la Bibi Sikudhani, mmoja wa waliopakwa mshubiri, sentimita arobaini na moja, likawa thelathini na nane.

Habari kwamba mshubiri unaponya magoti zikaenea. Siku ya nne akamkuta Bibi Sikudhani kitandani.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Vidonge vya zahanati niliviacha. Si namba yako ilisema mshubiri unatosha?"

Goti lilikuwa la moto kama jiwe la mekoni. Anyesi alikimbia hadi kwa Mwalimu Lameck, machozi yakimtoka.

"Mwalimu, ile namba niliibuni!"

Mwalimu hakuuliza zaidi. Alimpakia Bibi Sikudhani kwenye pikipiki, wakawahi zahanati. Baada ya juma moja bibi huyo alisimama tena, akiegemea fimbo.

Anyesi alimwomba radhi, kisha, mbele ya Mwalimu Lameck, akamweleza bibi yake ukweli. Bibi Hilda aliliweka chini jani la mshubiri alilokuwa akilikata.

"Kwa hiyo dawa yangu si kitu?"

"Hapana, mama," alisema Mwalimu Lameck. "Watafiti wameupima mshubiri maabarani wakaona dalili njema. Ila kwa magoti ya watu, ushahidi bado mchache, na wagonjwa sita hawatoshi. Anyesi, mmea haukumdhuru mtu. Namba ya uongo ndiyo iliyomlaza mgonjwa. Anayepima dawa ameshika maisha ya watu. Aandike alichokiona, hata kama si alichokitamani."

Anyesi akafuta thelathini na nane, akaandika arobaini na moja.