Nusu ya Tanuru la Tapsell

Jumatatu ile mama yangu mdogo, Keziah, alikuwa akifua kama Jumatatu zote. Ng'ambo ya ua mumewe, Enoch Tapsell, alikuwa akibishana na mbia wake, Josiah Wragg. Benki ilitaka pauni mia mbili kabla ya mwisho wa wiki, la sivyo ingeuza kiwanda chao cha matofali. Ndani ya tanuru kulikuwa na matofali makavu elfu ishirini yakisubiri kuchomwa, na mnunuzi alikuwa tayari.

"Nusu yangu hailipi deni lako," Wragg alisema. "Naitoa leo, nauza kivyangu."

"Ingia basi uhesabu, bwana mkubwa. Usije ukasema nimekuibia."

Wragg akaingia tanuruni. Mkono wake wa kulia ulikuwa na vidole vinne, kimoja kililiwa na kinu cha kukandia udongo.

Kwetu Kent mlango wa tanuru huzibwa kwa matofali na tope, na moto ukishawaka haufunguliwi hadi siku ya tano. Ukifungua mapema, umepoteza yote. Enoch aliziba haraka, akawasha.

Keziah akaacha nguo kwenye beseni.

"Enoch, nani anagonga?" alinong'ona.

"Matofali. Yakipata moto hupasuka."

"Yanakuita jina."

"Yataacha."

Keziah angeweza kuubomoa ule mlango. Akaifikiria nyumba yake, akarudi kufua. Aliniambia haya mwenyewe, na sijamsamehe.

Yakaacha.

Siku ya tano walifungua. Wragg hakuwamo, wala mfupa wake. Matofali yaliingia makavu, na tofali kavu halipokei alama. Lakini mengine yalitoka na chapa ya kiganja cha vidole vinne. Wakayahesabu. Yenye chapa yalikuwa elfu kumi kamili.

Nusu iliyo safi ikauzwa, pesa hazikutosha, kiwanda kikaenda. Watu waliambiwa Wragg kakimbia deni. Nusu ile nyingine ilikosa mnunuzi, basi Enoch na Keziah wakajijengea nyumba mpya.

Mwaka haukuisha. Asubuhi moja Enoch hakuamka, nikaitwa kusaidia kumwosha. Upande wa kushoto alikuwa mtu. Upande wa kulia alikuwa mwekundu, mgumu, bado wa moto. Shuka halikuungua hata uzi.

Daktari aliyekuja kuthibitisha kifo akaugonga upande ule kwa kifundo cha kidole.

Ndani, kitu kikagonga pia. Mara mbili. Kisha haraka haraka.

Nikamtazama mama mdogo. Alikuwa akikunja mikono ya gauni lake.

"Matofali tu hayo," alisema. "Yataacha."

Tulimzika kabla ya saa sita.