Salamu Iliyofunga Mlango

Mapacha wangu hutembea mchana kutwa, usiku hulala mlangoni. Tegua.

Umeshategua? Ni viatu. Nyumbani kwetu tunaishi kwa viatu. Mwanangu ni fundi, lakini hatengenezi viatu vya kila mtu. Anatengeneza vya miguu isiyolingana: mguu mmoja mfupi, mguu uliopinda, mguu uliokosa vidole. Miguu ya namna hiyo haiendi dukani kuchagua. Hupimwa. Kila mguu una vipimo tisa. Miguu miwili, vipimo kumi na nane.

Karakana yetu ni chumba cha mbele. Fundi hukaa kwenye kigoda, misumari midogo imejaa mdomoni. Ukimsalimia anakuitikia kwa nyusi. Mkewe hukaa kwenye cherehani, anashona ngozi za juu. Mimi hukaa kati yao, napaka nyuzi nta na kusema maneno. Kusema ndiyo kazi yangu kubwa.

Huyu mkwe wangu tunamwita Mdadisi. Siku ya kwanza kuingia kwetu aliuliza kwa nini saa ya ukutani iko mbele dakika saba. Hakuna aliyejua. Ana miaka kumi na moja nyumbani hapa, na bado hatujui.

Mwaka jana aliazima kitabu maktaba. Kilikuwa kitabu cha Perl. Perl ni lugha ya kuiandikia kompyuta maagizo. Akasoma kidogo kidogo, kila alipomaliza kushona. Mwishowe akatengeneza ukurasa wa karakana kwenye mtandao. Mteja aliye mbali akiufungua, anaona fomu. Anaandika jina na vipimo, kisha anabonyeza kutuma. Fomu haikubali kwenda mpaka nafasi zote kumi na nane zijazwe.

Fomu hiyo ilitusaidia sana. Zamani watu walitusomea vipimo kwa simu. Laini inakatika, tarakimu zinaingiliana. Kuna binti mmoja mdogo, mguu wake wa kulia umepinda tangu kuzaliwa. Mama yake alitusomea vipimo kwa simu, nasi tukaandika kimoja vibaya. Kiatu kikambana. Mtoto akapata kidonda kisiginoni, akakaa wiki tatu bila kwenda shule. Fundi hakulisahau jambo hilo. Tangu siku hiyo alisema, "Vipimo vya simu sichukui tena."

Sasa shule zilikuwa zinafunguliwa Jumatatu. Mguu wa yule binti ulikuwa umekua, viatu vya zamani haviingii. Kiatu chake kinamchukua fundi siku tatu nzima, na mzigo husafiri kwa basi la Jumapili. Kwa hiyo vipimo vilitakiwa kufika Jumatano, bila kuchelewa.

Jumanne mchana mama yake akapiga simu.

"Shikamoo bibi. Mbona ukurasa wenu haufunguki?"

"Marahaba, mwanangu. Haufunguki vipi?"

"Naona karatasi nyeupe, na namba mia tano."

Fundi akatema misumari kiganjani. "Mia tano nini? Kilo?"

Mdadisi akaufungua kwenye simu yake. Ni kweli. Weupe, mia tano, na maneno machache ya Kiingereza. Fomu hakuna.

Ilikuwa hivi. Asubuhi ile Mdadisi alikuwa ameugusa ukurasa. Alibadilisha rangi. Akaongeza nafasi ya kuandika maoni. Akasogeza kitufe cha kutuma. Basi akaanza kurudisha nyuma alivyobadilisha. Rangi akairudisha. Nafasi ya maoni akaifuta. Kitufe akakirudisha mahali pake. Mia tano iko palepale.

"Nimeiuliza Perl yenyewe kama kuna kosa la uandishi," akasema. "Inasema hakuna. Sasa kama hakuna kosa, kwa nini haifanyi kazi?" Macho yalikuwa yanamng'aa. Mwingine angelia. Huyu akishindwa na kitu ndipo anapokipenda.

"Uliza wenzako kule unakojifunzia," nikamwambia.

Kuna jukwaa kwenye mtandao ambapo wanaojifunza Perl huulizana. Mdadisi akaandika kwa haraka: "Nisaidieni jamani, ukurasa wangu haufanyi kazi, ni haraka sana!!!" Chini yake akaandika maagizo yake, akiyatazama kwenye kompyuta na kuyaandika upya kwa simu.

Majibu yakaja. Wa kwanza akasema: "Nimejaribu maagizo yako. Kwangu yanafanya kazi." Wa pili, anayejiita Mzee Nukta-Mkato, akasema: "Dada, hapa hatupigi ramli. Kosa linasemaje?"

Mdadisi akainama. "Ananicheka."

Fundi akatazama saa yetu, ile ya mbele dakika saba. "Sikiliza, mama watoto. Tuufunge huo ukurasa. Turudi kwenye daftari. Kesho nitapanda basi niende nikampime mtoto mwenyewe."

"Kwenda na kurudi siku mbili. Utamshonea saa ngapi?"

Fundi alirudisha misumari mdomoni.

Nikatoka nje nikamwita jirani. Jirani yetu hufanya kazi maktaba, anazitunza kompyuta za wasomaji. Ndiye aliyemwazimisha Mdadisi kile kitabu. Mtaani anaitwa Bi Taratibu, kwa sababu hata ukimwambia nyumba inaungua, atakuuliza kwanza, upande gani?

"Hodi hapa! Bibi, leo kuna nini, mbona unaniita kama kuku wameingia bustanini?"

"Ukurasa umekufa. Njoo uufufue."

"Mie Perl siijui hivyo," akasema, akavua viatu mlangoni. "Lakini kuuliza najua. Nione ulichowauliza."

Mdadisi akampa simu. Bi Taratibu akasoma. Akanigeukia mimi.

"Bibi, kitendawili!"

"Tega!"

"Nina kitu changu, hakifanyi kazi."

Nikangoja. "Endelea."

"Nimemaliza. Tegua."

"Hicho si kitendawili, hayo ni matusi! Nitategua vipi? Hukunipa rangi wala umbo wala sauti yake."

"Ndivyo mkweo alivyowatendea wale watu," akasema. Mdadisi akacheka, ingawa hakutaka. "Hawakucheki, mwenzangu. Wanataka kukusaidia, lakini umewafunga macho. Mtu anayekusaidia kwa mbali haoni kompyuta yako. Anaona ulichomwandikia tu. Haya, niambie. Ulitaka kitokee nini?"

"Fomu ifunguke."

"Ukafanya nini?"

"Nilibadilisha vitu vitatu leo asubuhi. Nikavirudisha vyote."

"Siku nyingine badilisha kimoja, jaribu, kisha kingine. Na uweke nakala ya ukurasa ulipokuwa mzima. Sasa, ukaona nini?"

"Mia tano."

"Mia tano ni sawa na mgonjwa kusema naumwa. Anaumwa wapi? Ukurasa wako uko kwenye seva, si ndiyo? Ile kompyuta ya mbali inayoutunza. Seva ina daftari la makosa. Kila inapokataa jambo, inaandika sababu. Umewahi kulifungua?"

"Kumbe lipo?"

Nikamwona Mdadisi akisogeza kiti. Walitafuta pamoja. Wakaingia pale anapopakia mafaili yake, wakapita majina mengi, hadi wakaliona daftari. Mstari wa mwisho ulikuwa mrefu, Kiingereza kitupu. Mimi Kiingereza sikukisoma sana, niliishia darasa la saba. Nikasogea hivyo hivyo, miwani puani.

"Hebu," nikasema. "Hapo katikati si Kiswahili?"

Wote wawili wakainama. Katikati ya Kiingereza chote kile yalikaa maneno matatu: *Karibu mgeni wetu*.

Nikahisi uso unapata joto. Maneno yale yalikuwa yangu.

Asubuhi ile ile, kabla ya rangi na kitufe, Mdadisi alinionesha ukurasa wake. Nikamwambia, "Mwanangu, ndiyo mnavyopokea watu huko? Mtu anafika, hujamkaribisha, unamwambia andika jina? Salamu kwanza!" Naye ni mkwe mwenye adabu. Akaweka salamu juu kabisa, mstari wa kwanza wa kazi.

"Lakini hiyo ni salamu tu, mama," Mdadisi akasema polepole. "Siyo kazi. Haipimi, haihesabu."

"Na kule jukwaani uliiandika?" Bi Taratibu akauliza.

Mdadisi akaishika simu. Akasoma juu hadi chini. Akaiweka mapajani.

"Niliiruka. Niliona haiwahusu."

"Basi uliwategea kitendawili na jibu umelificha mfukoni. Ndiyo maana kwao kilifanya kazi! Usiandike upya kwa mkono. Nakili, ubandike kama ilivyo, hata na mstari unaouona wa upuuzi. Ungejua mstari gani hauhusiki, ungekuwa umeshajitibu mwenyewe."

Kwa nini salamu iue ukurasa? Hata Bi Taratibu hakujua. Tukaandika swali upya, watu watatu tukiwa na maneno matatu tofauti. Mimi nilitaka tuanze kwa kuuliza hali za watoto wao. Wakanikatalia. Mwishowe liliandikwa hivi:

"Ukurasa wangu wa Perl unatakiwa kuonesha fomu ya vipimo vya viatu. Tangu leo asubuhi unaonesha kosa la 500. Perl inasema hakuna kosa la uandishi. Mstari wa daftari la makosa nimeubandika hapa chini kama ulivyo. Naona unataja salamu niliyoongeza leo. Mara ya kwanza niliiacha kwa kudhani haihusiki, samahani. Mwanzo wa maagizo yangu ni huu:"

```
#!/usr/bin/perl
print "Karibu mgeni wetu";
print "Content-type: text/html\n\n";
```

Akabonyeza. Tukangoja. Fundi alijifanya anapiga nyundo, lakini nyundo ilikuwa inapiga mahali pamoja.

Chai yangu haikuwahi kupoa. Mzee Nukta-Mkato alijibu yeye mwenyewe.

"Sasa umeuliza, dada. Seva haitaki maneno kabla ya kuambiwa ni maneno ya aina gani. Ule mstari wa Content-type ni bahasha. Unasema: kinachokuja ni ukurasa wa mtandao. Zile alama mbili mwishoni mwake, \n\n, zinaacha mstari mtupu, maana yake bahasha imekwisha, barua inaanza. Wewe umeandika barua juu ya bahasha, seva ikashindwa kusoma anwani. Perl haikulaumu kwa sababu sentensi zako ni safi. Mpangilio ndio uliokosea. Shusha salamu mstari mmoja. Usiifute, ni nzuri."

Nikamwambia Bi Taratibu, "Umesikia? Amesema ni nzuri."

"Nimesikia, bibi. Mtaa mzima utasikia."

Mdadisi hakuwa na muda nasi. Aliweka nakala pembeni kwanza. Kisha akageuza mistari miwili, kitu kimoja tu:

```
#!/usr/bin/perl
print "Content-type: text/html\n\n";
print "Karibu mgeni wetu";
```

Akaufungua ukurasa. Fomu ikatokea, nafasi zote kumi na nane, na juu yake salamu yangu.

Akapiga ukelele hadi cherehani ikatikisika. Kisha akafanya jambo lililonifurahisha zaidi. Alirudi kwenye faili. Akaondoa zile alama mbili za mstari mtupu makusudi, mia tano ikarudi. Akazirudisha, fomu ikarudi. Akafanya hivyo mara tatu.

"Unaharibu tena!" fundi akafoka.

"Nataka kujua inavyokufa," akasema. "Ili nikiiona tena niitambue."

Alipotosheka, akarudisha na ile nafasi ya maoni aliyoifuta. Akajaribu. Ikakubali. Ndipo tukampigia mama wa yule binti.

Jumatano asubuhi fomu yake ilifika. Vipimo kumi na nane, hakuna kilichokosekana. Kwenye nafasi ya maoni aliandika: "Asante, nimeshakaribia. Mguu wa kulia tafadhali usibane kama safari ile."

Fundi aliusoma mstari huo akiwa amesimama. Akaunakili kwenye karatasi, akaibandika ukutani mbele ya kigoda chake, akakaa, akachukua ngozi. Alishona siku tatu. Jumapili mzigo ukapanda basi. Jumatatu jioni tulipokea picha ya simu: miguu miwili midogo ndani ya viatu vyeusi, soksi zimejaa vumbi la uwanja wa shule. Mama yake alitwambia hakuna kidonda, ila kuna tatizo jingine. Mtoto amekataa kuvivua alale.

Basi na wewe unayejifunza, siku ukikwama, waambie watu ulichotaka, ulichofanya, na ulichokiona. Fungua daftari la makosa, nakili neno kwa neno. Usiruke mstari kwa kuwa unauona mdogo. Kwetu, mstari mdogo ulikuwa wangu mimi.

Juzi nilimkuta Mdadisi kwenye simu yake, cherehani imesimama. Kuna mgeni jukwaani ameandika: "Msaada!! Fomu yangu imekufa." Hakuweka kingine. Mdadisi alikuwa anamjibu, taratibu, kama jirani yetu.

"Unamwambiaje?" nikauliza.

"Namuuliza alitaka nini, akafanya nini, akaona nini."

"Na umeanzaje?"

Akanionesha. Juu kabisa, mstari wa kwanza, ameandika *Karibu mgeni wetu*.

"Hapa hakuna seva ya kukasirika, mama," akasema. "Huyu ni mtu. Kwa mtu salamu inatangulia."