Mita Nne za Aurelia

Saa nne asubuhi, mbele ya maduka ya Mfaranyaki, Aurelia aliinama na futikamba nyuma ya akina mama wawili waliosimama kusalimiana katikati ya njia. Gauni lake la kitenge cha manjano lilikuwa linafagia vumbi.

"Dada, unapima watu?" kijana mmoja aliyekosa pa kupita alimuuliza.

"Napima salamu. Songea mtu hasalimii huku anatembea. Husimama, akauliza ya nyumbani, ya shambani, mpaka ya mbuzi."

Kijana alicheka. Aliitwa Tadei, na kumbe ndiye mhandisi wa jengo lile lile la chuo kikuu ambalo Aurelia alikuwa analichora. Milima haikutani, binadamu hukutana.

Aurelia alilipenda jengo hilo kama mwanawe: matofali ya udongo yasiyochomwa, ili miti isikatwe; madirisha yanayopokezana upepo; na korido ya mita nne yenye mabenchi, mwalimu wa kilimo akikutana na wa hesabu wakae, wabishane. Tadei alimpenda mchoraji kabla hajauelewa mchoro. Kila jioni simu iliita.

"Umekula, mama korido?"

"Nimekula, mpenzi. Acha uchokozi."

Mwezi wa tatu, kwenye kikao cha chuo, Aurelia alifunua michoro akakuta korido ni mita mbili. Chini yake, saini ya Tadei. Aliondoka bila kuaga.

"Wakubwa wa chuo waliona mita nne ni gharama, wakataka kukunyang'anya kazi," Tadei alimkimbilia nje. "Nilipunguza ili nikuokoe."

"Ungenipigia! Kila siku unaniuliza nimekula nini, hili ukashindwa?"

Wiki mbili hakupokea simu zake. Alimkumbuka, tena sana, lakini aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka.

Kikao kilichofuata, Tadei alisimama mwenyewe.

"Kosa ni langu, na sikumuuliza aliyechora. Korido ikibanwa, upepo haupiti. Mtanunua viyoyozi, na umeme wetu mnaujua. Walimu nao watapishana tu, shikamoo, marahaba, basi."

Wakubwa wa chuo walitazamana, wakabishana, mwishowe wakazirudisha mita nne.

Aurelia alimkuta nje, shati jeupe limelowa jasho mgongoni.

"Aurelia, nataka nije kwenu Lizaboni na mshenga."

Alimkazia macho. "Baba umeshamwambia?"

"Bado."

"Mama je?"

"Hata yeye. Nimeanza na wewe."

Aurelia alijaribu kununa, akashindwa, machozi yakamtoka.

"Haya," alisema. "Njoo Jumamosi."