Mpe Mgonjwa Simu

"Dada, simama hapo hapo! Usiingie!"

Kliniki nzima ya mifugo ikageuka: mwenye paka, mwenye sungura, wanawake wawili na vijibwa vyao. Fundi cherehani akabaki mlangoni na gauni lake la bluu, uso unamuwaka, amembeba Bwana Mkubwa, mbwa aliyeachiwa na marehemu mama yake. Mbwa akakohoa kikohozi kikavu, kama honi ya baiskeli mbovu, akatema povu jeupe.

Daktari akamfuata barazani.

"Amekwamwa na mfupa," fundi akasema. "Nimetia kidole, siuoni."

"Hutauona, haupo. Wiki iliyopita alilala wapi?"

"Kwenye banda la kulelea mbwa. Nilisafiri."

"Basi kikohozi amekiokota huko. Kinaambukiza, ndiyo maana nikakupigia kelele. Nisamehe." Akamvua mbwa mkanda wa shingoni. "Mfunge wa kifuani, huu unamkaba. Apumzike. Ukioga maji ya moto, kaa naye bafuni avute mvuke. Dawa ya kikohozi ya watu usithubutu. Na wiki mbili asikutane na mbwa mwenzake."

"Na watu?"

"Watu ruksa," akacheka.

Jioni simu ikalia. "Mpe mgonjwa simu nimsikie."

Bwana Mkubwa akakohoa.

"Haya. Sasa nipe mwenye nyumba."

Ikawa hivyo jioni sita. Chumba kilichozoea mlio wa cherehani tu kikaanza kusikia kicheko.

Siku ya saba fundi akamwona daktari ng'ambo ya barabara, kapakata kikapu. Akampungia mkono, akaanza kuvuka. Daktari akamtazama, akageuka, akapotelea uchochoroni.

Jioni simu ililia, akaiacha ilie. Na kesho yake. "Kumbe tulikuwa tunajidanganya," akamwambia mbwa, akarudi kushona mapindo ya mapazia ya watu.

Siku ya kumi Bwana Mkubwa alikataa chakula. Makamasi ya kijani yalimtoka, mbavu zikipanda na kushuka mbio. Fundi akameza kiburi chake, akapiga.

"Njoo umwone mbwa. Mimi usinisalimie."

Daktari alifika akihema, akamsikiliza kifua, akamchoma sindano.

"Kimeanza kushuka mapafuni. Umewahi."

"Ulinikimbia."

"Kikapuni nilikuwa na watoto wa mbwa watano, hawajachanjwa. Na gauni lako lote manyoya ya huyu! Nikapiga simu nikueleze, ukaninunia."

"Ungepaza sauti. Si unajua sana kupaza sauti?"

"Mbele za watu tena? Nilikuona ulivyoumia siku ile."

Nyumba ilikuwa na kiti kimoja, cha cherehani. Hakuwahi kuhitaji cha pili. Wakakaa sakafuni, mbwa katikati.

"Akipona tutamtia chanjo, matone ya puani," daktari akasema. "Na bandani asirudi. Ukisafiri, niachie mimi."

"Na nisiposafiri?"

"Ngoja kwanza." Macho yalikuwa kwenye saa yake, kiganja ubavuni mwa mbwa, anahesabu pumzi. Fundi akangoja. Dakika nzima akangoja, mwenyewe kasahau kupumua.

"Ishirini na nane. Anatulia." Daktari akainua macho. "Usiposafiri, nitakuja mimi. Kila siku, ukinifungulia."