Pua ya Marehemu Baba

Ndugu zangu, jambo hili lilitokea mtaa wa Daraja Mbili, katika nyumba ambayo jirani yeyote angeisifu. Jumamosi ile asubuhi mvua ilikuwa imekatika na Mlima Meru ulionekana wote. Brightness alikuwa ameegemea mito mitatu kwenye kochi la dada yake, akinywa uji wa vuguvugu. Ilikuwa siku ya nne tangu daktari ampunguze pua ili apendeze. Uso ulikuwa bado umevimba, puani amebandikwa gamba gumu la kuikinga, lakini maumivu yalikuwa yanapungua.

Dada yake, Agnela, muuza vitenge, hakutaka hata kumtazama. Alikuwa na kinyongo. Pua ile ilikuwa ya marehemu baba yao, Mzee Manase, na huyu mtoto ameenda kuikatisha! Alikubali kumuuguza kwa sababu tu hakukuwa na mwingine. Karatasi ya maelekezo ya hospitali aliitupia kwenye droo bila kuisoma.

"Dada, kichwa bado kinaniuma. Panado zimeisha."

"Kunywa tena aspirini, kama jana."

"Nadhani nesi alizikataza..."

"Dawa ni dawa. Ukimaliza, piga deki hapa. Jumuiya wanasali kwetu saa nne."

"Nimeambiwa nisiiname, dada."

"Ugonjwa wa kujitakia huo! Inuka."

Jamani, mgonjwa anayeona aibu atabishana na nani? Brightness alimeza vidonge, akachukua tambara, akainama.

Agnela alikuwa jikoni akichuja chai aliposikia ndoo ikianguka. Alimkuta mdogo wake amepiga magoti, damu inamwagika puani, maji ya deki yamekuwa mekundu. Hofu ikamshika, hofu ambayo hakuipata hata siku baba yao alipokata roho. Haraka akamlaza chali, akidhani anamsaidia. Brightness akapaliwa, akakoroma, kisha akatapika damu nyeusi.

Agnela akakimbilia droo. Akaivuta mara tatu ndipo ikafunguka. Namba ya simu ya hospitali ilikuwa imeandikwa mwishoni mwa karatasi; akapiga.

"Mkalishe!" nesi akaamuru. "Ainamie mbele kidogo, ateme damu, asiimeze. Umempa dawa gani?"

"Aspirini."

"Hiyo inazuia damu kuganda!" nesi akapaza sauti. "Mlete sasa hivi."

Mama Fransiska, mwenyekiti wa jumuiya, ndiyo kwanza alikuwa anafika getini. Akasimamisha bajaji. Njia nzima Agnela alimkumbatia mdogo wake, khanga imelowa damu.

"Brightness!"

"Abee, dada."

"Brightness!"

Safari hii hakuitika.

Madaktari walihangaika saa mbili hadi damu ikasimama. Daktari alipotoka na kuuliza nani alitoa aspirini, Agnela alijibu, "Mimi," akainamisha kichwa.

Jioni aliruhusiwa kumwona.

"Nilikasirika kwa ajili ya baba," alisema.

"Nilimpenda baba," Brightness alijibu kwa sauti ya chini. "Lakini tangu darasa la tatu nilikuwa nikicheka nafunika uso. Hukuwahi kuniuliza kwa nini."

Agnela akavuta kiti, akaketi kando ya kitanda.

Brightness alipona, ingawa pua ilipinda kidogo, na daktari alisema wasubiri mwaka mzima kabla ya kuigusa tena. Agnela alifunga duka wiki mbili, akamuuguza ipasavyo. Hadi leo Brightness akipiga chafya, Agnela huacha alichoshika na kwenda kumwangalia.

FUNZO

Uamuzi wa ndugu yako ukikuudhi, mwambie kabla hajaingia chumba cha upasuaji, au ngoja apone. Siku za kuuguza si siku za kuadhibu. Soma karatasi ya hospitali mwenyewe, na dawa ambayo daktari hakuiandika usiitoe kabla ya kumuuliza. Aliyepasuliwa ili apendeze anatoka damu kama aliyepasuliwa ili aishi, na anaweza kufa sebuleni kwako wakati wewe unachuja chai ya wageni.