Kinyozi na Kitufe Kilichokufa

Kila jioni Kinyozi alifagia nywele, akazima mashine, kisha akavuta kinanda chake kutoka chini ya meza ya kioo. Hakufundishwa na mtu. Alijifunza mwenyewe kwa kusikiliza. Mtaa mzima ulijua hivyo, kwa sababu alipokuwa akijifunza, mtaa mzima uliteseka.

Sasa alipiga vizuri, ila kwa ujanja. Nyimbo zote alizipigia kwenye vibao vyeupe. Vyeusi alivikwepa kama moto. Mwimbaji akitaka sauti ya juu, Kinyozi alibonyeza kitufe kidogo cha pembeni, na kinanda kikapandisha wimbo chenyewe. Vidole vilibaki palepale.

Siku moja kitufe kikafa. Akabonyeza, akabonyeza tena, wapi! Fundi redio akamwambia asubiri mpaka kipatikane kingine.

Wiki hiyohiyo binti yake alirudi kutoka chuo cha uuguzi, uso umejaa furaha.

"Baba, nimechaguliwa kuimba siku ya mahafali. Ukumbini kuna piano. Nataka unipigie wewe."

Kinyozi alifurahi hadi akasahau kukaa. Wakajaribu palepale. Binti aliimba mstari mmoja, akanyamaza.

"Hapa chini mno, Baba. Nazama. Mwenzangu wa chuoni huwa anapiga hivi."

Akachovya kidole kwenye povu la sabuni ya kunyolea, akaandika kwenye kioo: D, Bm, G, A7.

Kinyozi hakuelewa kitu, lakini baba mtu hakubali kuumbuka mbele ya mwanawe. Akatafuta kibao kilichoandikwa D, akakipiga peke yake. Alipofika A7, akagonga kibao cha A mara saba.

Binti alicheka mpaka akashika mbavu. Kisha akasema kwa upole, "Usijali, Baba. Ikishindikana, nitaimba na muziki wa kwenye simu."

Upole huo ulimchoma kuliko kicheko. Amlee binti mpaka amalize chuo, halafu siku yake kubwa asindikizwe na simu? Hapana.

Mlangoni akatokea jirani yao, Mama Bendi. Alipiga piano kwenye bendi za dansi miaka mingi, na hakuwa mtu wa kumeza maneno.

"Baba Nesi, nimesikia nyundo. Mnajenga?"

"Tunajenga aibu, Mama Bendi. Nisaidie."

Mama Bendi akavuta kiti cha wateja, akatazama kioo. "Hizi ni alama za kodi. Kodi ni sauti kadhaa zinazopigwa pamoja. Herufi inakuonyesha pa kuanzia, basi. Weka kidole kwenye D. Sasa hesabu vibao kwenda kulia, kimoja kimoja, vyeupe na vyeusi, usiruke. Hatua nne."

"Moja, mbili, tatu, nne. Nimeangukia cheusi!"

"Hakiumi. Kishike. Sasa hatua tatu kutoka hapo. Piga vyote vitatu pamoja."

Sauti ikajaa chumba. Kinyozi akaitazama mikono yake kama ya kuazima.

"Nne, kisha tatu," alisema Mama Bendi. "Hiyo ni kodi ya meja, imechangamka. Ukiona herufi ndogo ya m, ni maina. Unageuza: tatu kwanza, kisha nne. Jaribu Bm."

Kinyozi akahesabu kutoka B, akapiga. Sauti ilikuwa na huzuni kidogo.

"Na hii saba?" aliuliza binti, akibana kicheko.

"Saba haimaanishi ugonge mara saba, Baba Nesi. Piga A ya meja, kisha panda hatua tatu zaidi, uongeze sauti ya nne. Unasikia? Inataka kurudi nyumbani. Ipeleke D."

Akaipeleka. Wote watatu wakashusha pumzi.

"Kwa hiyo," alisema Kinyozi taratibu, "nikianzia popote, hesabu ni ileile?"

"Popote. Ukitaka kupandisha wimbo, sogeza kila kodi hatua sawa. Ukishusha, vivyo hivyo. Kitufe chako kilikuwa kinafanya kazi hiyo tu."

Tangu siku hiyo Kinyozi alihesabu kila mahali. Wateja walilalamika kwamba anawagonga kichwani. "Vumilia," aliwajibu, "hiyo ni G ya meja."

Siku ya mahafali ikafika. Ukumbi ulijaa. Binti alikuja nyuma ya pazia, macho mekundu, sauti inakwaruza.

"Baba, mafua yamenibana. Sifiki juu. Shusha hatua tatu, tafadhali. Utaweza?"

Kinyozi aliegemea ukuta. Akafumba macho, akahesabu kwa vidole juu ya paja. D ikawa B. Bm ikawa maina ya kibao cheusi kilicho kulia kwa G. G ikawa E. A7 ikawa saba ya kibao cheusi kilicho kulia kwa F.

"Twende, mwanangu."

Alikaa mbele ya piano kubwa isiyo na kitufe hata kimoja. Mikono ikatua kwenye vibao vyeusi, na haikukosea. Binti aliimba kwa sauti ya chini, nzito, tamu, na kwenye kiitikio wenzake wote wakasimama. Makofi yalidumu mpaka mkuu wa chuo akasahau hotuba yake. Mama Bendi alipiga vigelegele kana kwamba ndiye mama mzazi. Kinyozi alilia waziwazi, na hakujifuta.

Kesho yake fundi redio alikuja saluni mbio.

"Mzee, kitufe chako nimekipata!"

Kinyozi hakuinua macho. Vidole vyake vilikuwa kwenye vibao vyeusi.

"Kaa nacho," alisema. "Keti nikunyoe."